Shaba ya Kolwezi ikifika baharini: kasoro za meli zinazojirudia na kwa nini zinatuhusu

Kolwezi haina bahari. Anayetaka kuiona akiwa mjini hapa afuate reli kuelekea magharibi, apite Dilolo mpakani, aivuke Angola nzima mpaka Lobito, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Akipendelea upande wa mashariki, atapita Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, aikate Zambia, aingie Tanzania kwa Tunduma, na mpaka afike Dar es Salaam atakuwa amemaliza zaidi ya kilomita 2,000 za barabara.

Hata hivyo, karibu kila kinachochimbwa kwenye ukanda huu wa shaba humalizia safari yake ndani ya meli. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo sasa ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, nyuma ya Chile, na ndiyo ya kwanza kwa kobalti bila mshindani wa karibu. Bamba za shaba, makinikia na mifuko ya hidroksidi ya kobalti hutoka Lualaba kwa malori na mabehewa, hupakiwa Dar es Salaam, Durban, Beira, Walvis Bay au Lobito, kisha huvuka bahari kwenda China na kwingineko. Malori hayohayo yakirudi hubeba salfa, dizeli, chokaa, vipuri na vyakula.

Kwa hiyo meli mbovu iliyotia nanga Dar es Salaam ni jambo la Kolwezi pia. Ikizuiwa, mzigo unasubiri. Ikiruhusiwa na haikustahili, mzigo unaweza kuzama pamoja na watu walioubeba. Nani basi huamua kwamba meli iende au ibaki? Huyo mtu akipanda melini huangalia nini? Na kasoro anazozikuta mara kwa mara ni zipi?

Mgeni asiyepiga hodi

Kila meli ina bendera ya nchi iliyoisajili, na kwa kanuni nchi hiyo ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa kuhakikisha kwamba meli iko salama. Shida ni kwamba wenye meli wengi huzisajili kwenye nchi wasizokaa wala kufanyia biashara. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall ndizo zenye orodha kubwa kuliko zote duniani, na meli yenye bendera ya Panama inaweza kumaliza miaka mingi bila kuiona Panama.

Ndiyo maana nchi zenye bandari zilijipa kazi ya pili: kuzikagua meli za kigeni zinazoingia kwao. Wazo hilo lilipata nguvu baada ya Machi 1978, meli ya mafuta Amoco Cadiz ilipovunjika kwenye pwani ya Ufaransa na kumwaga zaidi ya tani 200,000 za mafuta ghafi. Mwaka 1982 nchi za Ulaya zilitia saini mapatano ya Paris ya kukagua meli kwa pamoja na kupeana taarifa. Maeneo mengine yakafuata. Nchi za Bahari ya Hindi, zikiwamo Tanzania, Kenya, Msumbiji na Afrika Kusini, ziliafikiana mjini Pretoria Juni 1998, na kazi ikaanza Aprili 1999. Upande wa Atlantiki, nchi za Afrika Magharibi na Kati zilitia saini mapatano yao mjini Abuja mwaka 1999.

Tanzania Bara kazi hiyo iko mikononi mwa TASAC, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya 2017. Kenya ina KMA na Afrika Kusini ina SAMSA. Wakaguzi wake wengi ni manahodha au wahandisi wa meli wa zamani. Hawakagui kila meli inayoingia. Huchagua kwa kuangalia umri wake, aina yake, bendera yake, kampuni inayoiendesha na historia yake. Meli iliyowahi kukutwa na kasoro nyingi huitwa mara kwa mara, na iliyo safi huachwa ifanye kazi yake.

Kwa kawaida mkaguzi hatoi taarifa mapema. Hupanda ngazi ya meli, na ukaguzi unaanzia papo hapo: je, ngazi yenyewe ni imara, ina wavu chini yake, na kuna mlinzi anayeandika jina la kila anayepanda? Kisha huenda kwa nahodha kuangalia vyeti. Karatasi zikiwa sawa, huzunguka meli: chumba cha kuongozea, sitaha, boti za kuokolea, chumba cha mashine, jikoni na vyumba vya kulala. Akiona dalili kwamba hali halisi hailingani na karatasi, ana haki ya kufanya ukaguzi wa kina, hata kuwataka mabaharia wafanye zoezi la moto mbele yake.

Kila kasoro huandikwa kwa namba inayoeleza cha kufanya. Namba 10 maana yake kasoro imerekebishwa palepale. Namba 17 maana yake irekebishwe kabla meli haijang'oa nanga. Namba 30 ndiyo inayoogopwa na kila nahodha: kasoro hii inatosha kuizuia meli. Taarifa huingizwa kwenye mfumo unaosomwa na wakaguzi wa bandari nyingine, kwa hiyo kilichoonekana Dar es Salaam kinaweza kusomwa Mumbai kabla meli haijafika huko.

Kasoro zilezile, mwaka hadi mwaka

Mtu angetarajia kwamba meli huzuiwa kwa mambo makubwa, kama tobo ubavuni au injini iliyokufa. Hayo yapo. Lakini ukisoma ripoti za mwaka za mapatano haya, utakuta orodha inayochosha kwa kufanana. Ni vitu vidogo ambavyo mtu yeyote mwenye tochi na dakika tano angeviona.

Mara nyingi moto ndio unaoongoza. Ndani ya meli kuna milango inayotakiwa kujifunga yenyewe ili moto wa chumba cha mashine usiingie kwenye vyumba vya watu. Mkaguzi huikuta imefungwa kamba ibaki wazi, kwa sababu kuna joto na watu wanataka hewa. Hukuta vifuniko vya njia za hewa vilivyoliwa na kutu visivyofunga tena, mipira ya maji iliyochanika na vizimamoto ambavyo muda wake umepita. Hukuta pia pampu ya dharura ya kuzimia moto, ile inayokaa mbali na chumba cha mashine ili itumike mashine zikishika moto, ambayo ikiwashwa hainyanyui maji.

Zinafuata zana za kuokolea maisha. Boti ya kuokolea huning'inia ubavuni mwa meli miaka na miaka bila kutumika, na hapo ndipo hatari ilipo. Injini yake haiwaki kwa sababu betri imekufa, au nyaya zinazoishusha zimeota kutu, au kulabu inayoishika imeganda kwa rangi. Kanuni zinataka boti ishushwe majini na kuendeshwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na mazoezi ya kuhama meli na ya kuzima moto yafanyike kila mwezi. Daftari husema yote yamefanyika. Mkaguzi akiomba boti ishushwe, mabaharia hutazamana.

Jenereta ya dharura nayo ina kipimo chake: umeme mkuu ukikatika, inatakiwa kuwaka yenyewe na kutoa umeme ndani ya sekunde 45. Mkaguzi hana haja ya mitambo ya kisasa kuijaribu. Anasimama na saa mkononi.

Kwenye chumba cha kuongozea kasoro za kawaida ni ramani na vitabu vya safari vya zamani, taa za meli zisizofanya kazi na mpango wa safari usiokamilika kutoka gati hadi gati. Kwenye chumba cha mashine ni mafuta yaliyotapakaa sakafuni na mtambo wa kutenganisha mafuta na maji usiofanya kazi. Wakati mwingine hukutwa bomba la siri lililofungwa ili maji machafu yamwagwe baharini usiku bila kupita kwenye mtambo huo.

Halafu kuna watu wenyewe. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka kila baharia awe na mkataba wa ajira, alipwe angalau kila mwezi, na apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku saba. Wakaguzi hukuta madaftari ya kupumzika yaliyojazwa mwezi mzima kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, hata siku ambazo meli ilikuwa ikipakia usiku kucha. Hukuta pia friji tupu, maji ya kunywa yasiyofaa na mishahara ya miezi isiyolipwa. Baharia aliyechoka, mwenye njaa na asiyelipwa ndiye anayetakiwa kuiona hatari saa tisa usiku.

Kasoro zote hizi zina mzazi mmoja. Machi 1987 kivuko cha Uingereza, Herald of Free Enterprise, kilitoka bandari ya Zeebrugge huko Ubelgiji kikiwa na milango ya mbele wazi. Kilipinduka ndani ya dakika chache, na watu 193 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba baharia wa kufunga mlango alikuwa amelala, na kwamba nahodha hakuwa na njia ya kujua kama umefungwa. Maofisa wa meli walikuwa wameomba taa ya kuonyesha hali ya mlango, na ofisi ya nchi kavu haikuona umuhimu. Kutokana na msiba huo na mingine, tangu Julai 1998 makampuni ya meli yalianza kulazimishwa kuwa na mfumo wa usimamizi wa usalama. Mkaguzi akikuta milango ya moto imefungwa kamba, boti haiwaki na madaftari ni ya uongo, haandiki kasoro tatu tu. Anaandika na ya nne: mfumo wa kampuni umeshindwa.

Mzigo wa kwetu na hatari zake

Upo upande wa ukaguzi unaoanzia mbali na bandari, palepale mzigo unapofungwa.

Chukua makinikia ya shaba. Ni unga mzito wenye unyevu. Ukimwagwa wazi ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, na unyevu ukawa umezidi, mtikisiko wa mawimbi na injini unaweza kuugeuza kuwa tope linalotembea. Meli ikilala upande mmoja tope linaufuata upande huo, na halirudi. Januari 2015 meli Bulk Jupiter, iliyobeba tani zaidi ya 46,000 za boksiti kutoka Malaysia, ilizama namna hiyo karibu na Vietnam. Kati ya watu 19, alipona mmoja.

Kanuni za kimataifa, ambazo zimekuwa za lazima tangu Januari 2011, zinamtaka mwenye mzigo wa aina hii ampe nahodha cheti cha kikomo cha unyevu ambacho vipimo vyake havizidi miezi sita, na kipimo cha unyevu halisi kisichozidi siku saba kabla ya kupakia. Mvua ikinyesha katikati, apime upya. Nahodha mwenye shaka ana jaribio lake la kopo: hujaza kopo nusu, huligonga kwenye kitu kigumu mara 25 kutoka urefu wa sentimita 20, kisha hutazama. Maji yakijitokeza juu, mzigo hupelekwa maabara kabla ya kupakiwa.

Makinikia mengi ya Lualaba husafiri kwenye mifuko mikubwa, jambo linalopunguza hatari hiyo. Lakini anayejua mvua za Kolwezi, kuanzia Novemba hadi Aprili, anajua pia jinsi rundo lililoachwa wazi linavyoweza kubadilika kwa wiki moja. Cheti kilichoandikwa wakati wa kiangazi hakiwezi kusema ukweli wa Februari.

Kobalti nayo ina kanuni zake. Hidroksidi ya kobalti ikiwa unga laini unaoweza kuingia mapafuni sasa imewekwa kwenye orodha ya sumu, ikiwa na namba yake ya Umoja wa Mataifa, 3550. Mfuko ukichanika ndani ya kontena, anayefungua mlango upande wa pili wa dunia anapaswa kujua anachokivuta. Atajua tu kama karatasi ya mzigo ilijazwa sawasawa na watu wa huku.

Salfa inayokuja kwetu ndiyo hutengeneza asidi ya kuyeyushia madini. Kuna aina iliyofinyangwa chembechembe ambayo haina hatari kubwa, na kuna ya mabonge yaliyopondwa ambayo vumbi lake linaweza kuwaka na kulipuka. Ikilowa hula chuma cha ngama. Kwenye karatasi zote mbili zinaweza kuandikwa salfa tu, na neno moja lililokosekana linaweza kumgharimu mtu anayechomelea vyuma sitahani.

Uzito pia hausamehewi. Tangu Julai 2016 kontena haliruhusiwi kupanda meli bila uzito wake halisi kuthibitishwa, kwa sababu kontena zito lililotangazwa kuwa jepesi huweza kupangwa juu ya mengine na kuangusha safu nzima. Kontena la shaba ni zito kuliko linavyoonekana kwa macho.

Meli iliyokuwa ikienda Beira

Ukaguzi unaweza kuiona hatari na bado msiba ukatokea. Hakuna mfano unaolionyesha hilo kama meli Rhosus.

Meli hiyo kuukuu, iliyokuwa na bendera ya Moldova, ilikaguliwa Seville nchini Hispania Julai 2013 na kukutwa na kasoro 14. Miezi michache baadaye ilitoka Batumi, Georgia, ikiwa na tani 2,750 za amonia nitreti. Mzigo huo ulikuwa wa kiwanda cha baruti nchini Msumbiji, na ulitakiwa kushushwa Beira, mojawapo ya bandari zinazohudumia ukanda wetu wa shaba.

Haikufika. Novemba 2013 iliingia Beirut kupakia mzigo wa ziada. Wakaguzi wa bandari waliiona haifai kusafiri, wakaizuia. Mpaka hapo mfumo ulifanya kazi yake sawasawa: mkaguzi alisema hapana, na meli haikuondoka. Kisha mwenye meli akaitelekeza. Nahodha na mabaharia wachache walikwama ndani yake bila mishahara hadi Septemba 2014. Mzigo ulihamishiwa ghala namba 12, na barua zikaanza kuzunguka kati ya ofisi na ofisi. Meli yenyewe ilizama bandarini mwaka 2018.

Tarehe 4 Agosti 2020 ghala lililipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa na sehemu kubwa ya mji ikaharibika.

Mkaguzi aliandika kasoro za meli. Hakuna aliyebeba jukumu la mzigo baada ya meli kuzuiwa. Kila ofisi ilikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba iliandikia nyingine.

Mwaka uliofuata likatokea jingine. Mei 2021 mabaharia wa meli ya makontena X-Press Pearl waligundua kwamba kontena moja la asidi ya nitriki linavuja. Bandari ya Hamad nchini Qatar na ile ya Hazira nchini India hazikukubali kulishusha. Meli ikaendelea hadi nje ya Colombo, ikashika moto, na Juni ikazama na kuchafua ufukwe wa Sri Lanka. Bandari mbili zilipata nafasi ya kuimaliza shida ikiwa bado ni kontena moja.

Bendera yetu nayo

Mkongomani asifikiri kwamba mambo ya bendera ni ya Panama peke yake. Machi 2019 Kamati ya Sheria ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, ilijadili taarifa iliyoihusu nchi yetu moja kwa moja: meli zaidi ya 70 zilikuwa zimeorodheshwa kuwa za Kongo bila mamlaka ya Kongo kuzijua. Watu walikuwa wameuza vyeti vya bendera yetu kama wanavyouza leseni bandia.

Meli ya namna hiyo haina nchi ya kuikagua. Ikizama hakuna anayechunguza, na baharia wake asipolipwa hana serikali ya kumlalamikia. Nchi yenye pwani isiyofika kilomita 50 ilijikuta ikibeba jina la meli ambazo haikuwahi kuziona.

Jirani zetu wameyaonja hayo kwa namna nyingine. Januari 2018 Rais John Magufuli wa Tanzania aliagiza usajili wa meli za nje usitishwe kwa muda, baada ya meli zenye bendera ya nchi hiyo kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Bendera inayotolewa kwa yeyote mwenye ada hatimaye huwaumiza raia wenyewe, kwa sababu wakaguzi wa bandari za nje huitazama kwa jicho baya kila meli inayoipeperusha, hata ile nzuri.

Kabla ya gati

Sasa turudi barabarani. Lori linalotoka Kolwezi linapita kilomita 2,000 kabla halijafika mahali ambapo kuna mfumo wa ukaguzi wenye orodha moja, namba zinazoeleweka na kumbukumbu inayosomwa na bandari inayofuata. Meli ikifika na breki mbovu, tuseme hivyo, itasubiri. Lori je?

Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi, lori la asidi ya salfa liligongana na magari mengine, likiwamo basi la abiria. Asidi ilimwagikia watu. Walikufa wapatao 20. Asidi hiyo ingekuwa melini, ingekuwa na karatasi yake ya hatari, mahali pake maalumu pa kukaa, mabaharia waliofundishwa la kufanya ikivuja, na mkaguzi mwenye haki ya kuizuia safari. Barabarani ilipita katikati ya vijiji.

Majini kwetu ndani hali haina tofauti kubwa. Mto uliolipa jimbo letu jina lake hubeba vyombo kuanzia Bukama kwenda kaskazini, na maziwa yetu ya mashariki ndiyo barabara ya mamilioni ya watu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Makumi walikufa. Watanzania walikuwa wameshayaona hayo Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilitakiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Katika misiba yote miwili hapakuhitajika mtaalamu kuona kilichokosekana. Kuhesabu watu kungetosha. Aliyehitajika ni mtu mwenye mamlaka ya kusema chombo hiki hakiondoki, na ambaye hatapoteza kazi wala kupewa noti mkononi kwa kusema hivyo.

Wakaguzi tunao. Wapo makamishna wa mito na maziwa, wapo polisi wa barabarani, wapo watu wa mizani na wa forodha, na dereva yeyote wa njia ya Kasumbalesa atakuambia amesimamishwa mara ngapi. Kusimamishwa hakukosekani. Swali ni kama aliyekusimamisha Likasi aliandika kasoro ya breki zako, na kama wa Kasumbalesa aliisoma. Kwenye bahari, uzoefu wa miaka zaidi ya 40 umeonyesha kwamba ukaguzi unaanza kuokoa maisha pale tu mambo matatu yanapokutana: orodha moja inayojulikana na wote, uwezo wa kweli wa kuzuia safari, na kumbukumbu inayokifuata chombo popote kiendako. Likikosekana la tatu, mwenye chombo kibovu huhama kituo tu.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji bahari. Lori la asidi linaweza kuwa na namba na historia kama meli. Saa za kupumzika za dereva anayesubiri foleni ya mpakani siku kadhaa, kisha akatakiwa kukimbia usiku kufidia muda, zinaweza kuandikwa kama za baharia. Boti ya Minova inaweza kupigwa mstari ubavuni, kama meli zinavyopigwa, wa kuonyesha mwisho wa kuzama chini kwa uzito, ili hata abiria asiyejua kusoma aone kwamba mstari umefunikwa na ashuke.

Kwa wanaofanya kazi kwenye migodi na maghala ya Kolwezi, lililo karibu zaidi ni karatasi ya mzigo. Unyevu unaoandikwa pale, uzito, jina kamili la kitu kilichomo, ndivyo mkaguzi wa Dar es Salaam na nahodha wake watakavyoviamini, kwa kuwa wao hawakuwapo mfuko ulipofungwa. Anayeandika namba ya kubuni ili lori litoke kabla ya jioni haoni meli wala mawimbi. Lakini wapo watu 20 au 25 watakaolala juu ya namba hiyo kwa wiki tatu za bahari.